Gagulo, Chai na Maua ya Waridi

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye gazeti moja hapa Dar es Salaam, yaani yule binti anayetumwa vocha na kupewa kazi ambazo wakubwa hawazitaki. Jioni nilikuwa naandika maelezo ya picha za ukurasa wa kimataifa. Siku hiyo ikaingia picha kutoka Tokyo: wasichana sita wameketi kwenye nyasi, magauni yamefura kama keki ya harusi, lesi mpaka shingoni, kofia zimefungwa kwa utepe chini ya kidevu, na katikati yao birika na vikombe vyenye maua. Maelezo ya Kiingereza yaliyokuja na picha yalikuwa mafupi tu, kwamba hawa ni wapenzi wa mavazi ya Lolita na wako pikiniki. Basi. Mimi neno Lolita nilikuwa nalijua kwa sababu ya riwaya, na riwaya yenyewe nilikuwa sijaisoma, nimesikia tu inahusu nini. Nikaandika kwamba wasichana hao huvaa kama watoto ili kuwavutia wanaume. Mhariri wa zamu akacheka, akapitisha, tukaenda nyumbani.

Kesho yake ikapigwa simu ya mezani, nikaitwa. Sauti ya mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hao mabinti uliongea nao?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu aliyeongea nao?"

"Sijui, mama."

"Sasa hayo ya wanaume umeyatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba aliwahi kuishi Japani miaka kadhaa, na kwamba mabinti wa aina hiyo alikuwa akiwaona kila Jumapili, wanakunywa chai yao, wanapiga picha, wanaondoka. Akasema, "Umewasingizia watu ambao hawawezi hata kusoma ulichoandika." Kisha akakata simu. Nilipomwambia mhariri, akasema gazeti la jana limeshafungiwa maandazi, tusonge mbele. Hatukusahihisha.

Neno la yule mama lilibaki likiniwasha. Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kwenda Tokyo kwa mafunzo ya wiki mbili, mwezi wa Mei, na nikajiambia kwamba safari hii nitauliza. Nimeuliza, nimesoma, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Tuanze na jina, maana ndilo lililoniponza. Vladimir Nabokov alichapisha Lolita mjini Paris mwaka 1955. Ni kisa cha mwanamume mtu mzima anayemharibu mtoto wa miaka 12, na msimulizi ni huyo huyo mwanamume, anajitetea ukurasa baada ya ukurasa. Jina likatoka kitabuni likazunguka dunia, na Japani nako likazaa maana chafu, hilo sitalificha. Lakini wapo wasichana waliolichukua kwa mlio wake tu, kama jina la kigeni lenye utamu na la kike. Wengi wao hawakuwa wamekigusa kitabu. Ukimuuliza mvaaji leo kuhusu Nabokov utaona uso unavyobadilika, kama vile ukimuuliza Mtanzania aliyeko ughaibuni kama kwao wanaishi na simba. Amechoka kuulizwa.

Na nguo yenyewe inatoa ushahidi, kama ningekuwa na macho ya kuiangalia ile picha siku ile. Sketi hufika magotini au hupita chini yake. Ndani ya sketi kuna gagulo, na hapa msifikirie lile gagulo laini la bibi. Hili ni la matabaka ya neti ngumu, linaifanya sketi isimame kama kengele. Chini ya gagulo kuna suruali fupi yenye lesi, ili hata upepo ukivuma asionekane mtu. Blauzi ina kola na mara nyingi mikono mirefu, soksi zinapanda juu, viatu vina ncha ya mviringo, kichwani kuna riboni kubwa au kofia ya kufunga kidevuni, mkononi mwavuli. Mguu hauonekani, mgongo hauonekani, kifua hakionekani. Mimi niliyekwenda kuwahoji kwa sketi ya ofisini na blauzi ya mikono mifupi ndiye niliyekuwa nusu uchi pale.

Ndani ya mtindo huo kuna koo zake. Wapo wa "tamu", rangi ya waridi na bluu ya mtoto, nguo imechapwa keki, stroberi na sungura. Wapo wa gothiki, weusi tii, misalaba na waridi jeusi. Wapo wa klasiki, rangi ya maziwa na kahawia, ukimwona utadhani ametoka kwenye picha ya ukutani ya nyumba ya zamani ya Ulaya. Kuna koo nyingine ndogondogo ambazo sitazimaliza hapa.

Sasa nguo hii ilifikaje Japani? Hapa ndipo historia inaponogea. Gauni la Kizungu liliingia Japani kama kazi ya serikali. Mwaka 1883 serikali ya Meiji ilifungua jumba mjini Tokyo liitwalo Rokumeikan, lililochorwa na mhandisi wa majengo Mwingereza, Josiah Conder. Ndani yake wake na mabinti wa wakubwa walivishwa magauni ya Ulaya, wakafundishwa kucheza dansi za Ulaya, ili mabalozi waone kwamba Japani imestaarabika na wakubali kurekebisha ile mikataba ya kinyonyaji waliyoibana nayo nchi. Hebu fikiria mwanamke aliyekulia kwenye kimono, anabanwa kiuno na kuwekewa mto wa nyuma, anaambiwa azungushwe na balozi ili taifa liheshimiwe. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Mpango wenyewe haukuleta mikataba iliyotarajiwa, na watu walilidhihaki sana jumba lile.

Baada ya hapo zikaja shule za sekondari za wasichana, na pamoja nazo magazeti ya wasichana. Shojo no Tomo, kwa mfano, lilianza mwaka 1908. Humo mlikuwa na hadithi, barua, na michoro ya mabinti wenye macho makubwa na riboni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mchoraji Nakahara Jun'ichi aliwafundisha wasichana wa nchi iliyoungua jinsi ya kushona nguo nzuri kwa vitambaa vichache walivyokuwa navyo. Halafu mwaka 1972 mwandishi wa vitabu vya katuni Riyoko Ikeda akaanza kuchapisha Berusaiyu no Bara, yaani Waridi wa Versailles, hadithi ya mahakama ya kifalme ya Ufaransa enzi za Marie Antoinette. Kizazi kizima cha wasichana wa Kijapani kilijifunza Mapinduzi ya Ufaransa kupitia katuni hiyo, na nadhani walikumbuka magauni kuliko mapinduzi.

Maduka yakafuata. Milk lilifunguliwa Harajuku mwaka 1970, Pink House likaanza 1973, na kufikia 1988 likazaliwa lile ambalo wengi wanalitaja kwanza, Baby, the Stars Shine Bright, la mume na mke, Akinori na Fumiyo Isobe. Jina wamelichukua kwenye albamu ya bendi ya Kiingereza Everything But The Girl. Mwaka 1999 Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, ambaye ni mwanamume na jukwaani alikuwa akivaa magauni, akaanzisha Moi-même-Moitié, na upande wa gothiki ukapata mfalme wake. Au malkia, sijui tusemeje.

Lakini maduka peke yake hayaanzishi mtindo. Unaweza kuwa na gauni zuri kuliko yote duniani, kama huna pa kulivalia litaliwa na nondo kabatini. Mabinti hawa walihitaji mahali, na mahali penyewe palikuwa barabarani.

Harajuku ilikuwa na bahati ya ajabu. Baada ya vita Wamarekani walijenga hapo jirani makazi ya wanajeshi wao na familia zao, yakaitwa Washington Heights, na maduka ya eneo lile yakaanza kuuza vitu vya kigeni. Eneo likarudishwa kwa Wajapani kwa ajili ya Olimpiki ya 1964, likawa kijiji cha wanamichezo, kisha likageuzwa Bustani ya Yoyogi. Mwaka 1977 barabara inayopita kando ya bustani hiyo ikaanza kufungwa kwa magari siku za Jumapili. Wajapani waliita hokoten, kwa kirefu ni "pepo ya watembea kwa miguu". Jamani, sisi wa Dar tunaonyang'anywa hata ukingo wa barabara na bodaboda tunaweza kuelewa kwa nini waliiita pepo.

Hakuna aliyepanga kitakachotokea. Kufikia 1980 vijana walikuwa wakicheza ngoma za makundi katikati ya lami wakiwa na majoho ya rangi kali. Waliitwa takenoko-zoku, kwa jina la duka walikonunua nguo hizo. Baadaye zikaja bendi, kila moja na jenereta na spika zake, umbali wa hatua chache kutoka bendi nyingine. Na vijana waliovaa kila aina ya vazi walikuja kutazama na kutazamwa. Hapakuwa na kiingilio, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kukupima viatu. Mwaka 1997 mpiga picha Shoichi Aoki akaanzisha jarida la FRUiTS ili kuwapiga picha vijana wa mitaa hiyo kama walivyo, na mwaka 1998 likaja jarida la KERA.

Mwaka huo huo wa 1998 barabara ikarudishiwa magari. Wakazi walikuwa wamechoka na kelele, msongamano ulikuwa mkubwa, na mamlaka zikaamua imetosha. Miaka 21 ya Jumapili ikaisha hivyo.

Ningekuwa naandika makala ya gazetini ningesema hapo mtindo ukafa. Haukufa. Mabinti walihamia kwenye daraja la Jingubashi, lile lililo kati ya stesheni ya Harajuku na lango la hekalu la Meiji. Ni daraja fupi tu, ukiwa na haraka unalivuka kwa dakika moja. Wakakaa pale Jumapili na Jumapili, na mwaka 2001 lilipotoka jarida la Gothic & Lolita Bible, lenye picha, mahojiano na mpaka ramani za kushonea, binti wa mkoani naye akapata pa kujifunzia.

Tatizo la daraja ni kwamba likajulikana. Watalii wakawa wanashuka stesheni na kamera mkononi, wanapiga picha bila kuomba, kama mtu aliyeona twiga Mikumi. Wapo wanaume waliokuja na mawazo yale yale niliyoyaandika mimi kwenye ukurasa wa kimataifa. Kwa binti aliyevaa hivyo kwa furaha yake, daraja lilianza kuwa mzigo.

Ndipo chai inapoingia. Siyo kwamba haikuwepo kabla, ilikuwepo, lakini ikapata uzito mpya. Maduka yakawa yanaandaa hafla za chai hotelini: unanunua tiketi, unapangiwa meza, mbunifu wa nguo anapita kusalimia, aliyependeza zaidi anapewa zawadi. Mabinti nao wakaandaa za kwao, watu watano, kumi, kwenye mgahawa wenye vyombo vizuri au kwenye nyasi za bustani. Hapo hakuna mpita njia. Kila aliyepo amealikwa, na kila aliyepo anajua tofauti ya lesi ya pamba na lesi ya nailoni. Mambo haya yakasafiri. Baby wakafungua duka Paris mwaka 2006 na San Francisco mwaka 2009, na mvaaji aliye peke yake kwenye mji wake, huko Finland au Brazil, alijua la kufanya: tafuta wenzako wawili, pika keki, tafuta bustani. Wakajiwekea hadi sikukuu, Jumamosi ya kwanza ya Juni na Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kila mtu alipo anavaa na kutoka.

Kwa nini chai, na kwa nini bustani? Wenyewe wanasema ni kwa sababu gauni linataka hivyo, na wana haki. Nguo hii imekopa kutoka Ufaransa ya karne ya 18 na Uingereza ya Malkia Victoria. Huko Ufaransa, mchoraji Antoine Watteau alikubaliwa rasmi na Chuo cha Sanaa cha Kifalme mwaka 1717 kwa picha ya watu waliovaa hariri wakijiburudisha kando ya maji, na aina ya picha hiyo ikapewa jina lake, la sherehe za kimahaba za bustanini. Marie Antoinette alijengewa kijiji cha mchezo kwenye uwanja wa Versailles, chenye ng'ombe na kinu, akitaka kupumzika na adabu za kasri. Nako Uingereza, desturi ya chai ya alasiri huhusishwa na Anna, mke wa Mtawala wa Bedford, karibu mwaka 1840, kwa kuwa chakula cha usiku kilichelewa na njaa ilimbana. Mwaka 1865 Lewis Carroll akatoa hadithi ya Alice na ile meza ya chai ya wendawazimu, na picha za John Tenniel zikamvalisha Alice gauni ambalo Walolita hawajaacha kulishona mpaka kesho.

Hapa nilisita kidogo, na nitawaambia kwa nini. Mimi ni Mwafrika. Sukari ya kwenye vikombe vya Versailles ilitoka kwa sehemu kubwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, ikalimwa na Waafrika waliouzwa, mpaka walipowasha moto mashamba mwaka 1791. Siwezi kutazama meza ile ya waridi nikasahau hilo. Lakini pia siwezi kumtwisha deni hilo karani wa Tokyo aliyebana matumizi miezi minne ili anunue gauni. Maana bei si mchezo: gauni moja la duka lenye jina ni yeni 30,000 na kuendelea, na bado hujanunua gagulo, blauzi, viatu na kichwani.

Kuna riwaya iliyowafanya hata wasiovaa waelewe jambo hili. Novala Takemoto aliitoa mwaka 2002, Shimotsuma Monogatari, na mwaka 2004 ikawa filamu ya mwongozaji Tetsuya Nakashima; nje ya Japani inaitwa Kamikaze Girls. Momoko anaishi Shimotsuma, mashamba ya mpunga kushoto na kulia, na majirani wote wananunua nguo supamaketi ya Jusco na kujivunia. Yeye anatembea kati ya kinyesi cha ng'ombe na gauni la Baby, anapanda treni mpaka Tokyo kwenda dukani. Anaamini alipaswa kuzaliwa Ufaransa enzi za Rokoko. Anachekesha, ni mbinafsi, na haombi radhi kwa mtu yeyote. Kama hamjaiona, itafuteni.

Halafu mwaka 2009 serikali ikarudi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliteua mabinti watatu kuwa mabalozi wa mitindo ya vijana, na mmoja wao alikuwa Misako Aoki, mwanamitindo wa Lolita ambaye pia ni muuguzi. Akazungushwa nchi nyingi na magauni yake. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: miaka 126 baada ya Rokumeikan, taifa limerudi kwenye gauni la lesi kutafuta heshima kwa wageni! Tofauti ni kwamba safari hii gauni lilikuwa la binti mwenyewe, alilivaa kabla hawajamwita, na nguo hii haikuwa na ruhusa ya mtu.

Mwaka 2017 ulikuwa mbaya. FRUiTS likafungwa, Aoki mwenye jarida akieleza kwamba hapati tena vijana wa kutosha wa kupiga picha. KERA likaacha kuchapishwa kwenye karatasi. Gothic & Lolita Bible nalo likaisha. Mwaka 2020 hata jengo la mbao la stesheni ya Harajuku, lililojengwa mwaka 1924, lilivunjwa. Watu wakaandika tena tanzia. Wakati huo huo China mtindo ulikuwa unashika kasi kiasi kwamba viwanda vya kule sasa vinashona kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kumudu, na nyasi za Yoyogi ziliendelea kukaliwa.

Hilo la nyasi siliandiki kwa kusoma. Mwenyeji wetu kwenye mafunzo alikuwa na binamu anayevaa. Nikampigia magoti, akaniombea. Nikajibiwa kwamba naweza kuja, kwa masharti: nisipige picha mpaka niambiwe, na nisitaje jina la mtu. Nikakubali mara moja. Baada ya yale niliyoandika, ningekubali hata kuja nimefungwa macho.

Tulikutana kwenye bustani ya Kyu-Furukawa, kaskazini mwa Tokyo, Jumapili saa nne asubuhi. Kiingilio yeni 150. Juu kilimani kuna nyumba ya mawe ya Kiingereza ya mwaka 1917, na mbele yake waridi zimepangwa ngazi kwa ngazi. Mwezi wa Mei zote zimefunguka. Nilipoangalia ni nani aliyeichora nyumba nikakuta ni Josiah Conder, yule yule wa Rokumeikan. Jumba lake la dansi halipo tena, lakini bustani hii ipo, na walioijaza siku ile walikuwa wanawake wanane waliojivalisha wenyewe.

Wengine walifika wameshavaa. Wawili walifika na suruali za kawaida na masanduku ya magurudumu. Walikuwa wameshindwa kubadilisha stesheni kwa sababu gagulo halienei kwenye choo chembamba. Binamu aliniambia kwamba alipokuwa sekondari alikuwa akitoka nyumbani na sare, anabadilisha Harajuku, anaacha sare kwenye kabati la sarafu, jioni anarudi kama alivyotoka. Nikamwambia hata sisi tulikuwa tunafanya hivyo, ila sisi tulitoka na sketi ndefu tukaenda kuvaa fupi. Ilichukua muda kutafsiriwa, kisha wakacheka mpaka mmoja kofia ikamlegea.

Walikuwa nani? Mmoja mhasibu wa kiwanda cha mikate. Mmoja mwalimu wa chekechea. Mmoja ana miaka 46 na watoto wawili, na amekuwa akivaa tangu enzi za barabara iliyofungwa. Huyo ndiye niliyemng'ang'ania zaidi. Alisema siku hokoten ilipofungwa alilia kwenye treni, akaweka magauni kwenye boksi miaka mitatu, akaolewa. Aliyemtoa alikuwa rafiki aliyempigia simu akamwambia, nina birika jipya na sina wa kunywa naye. Nikamuuliza mumewe anasemaje. Akafikiri kidogo, akasema mume wake anavua samaki Jumapili, na hajawahi kumuuliza samaki wanasemaje.

Nikamuuliza sasa lile swali langu, la wanaume na utoto. Nilieleza kwanza nilichoandika, sikujificha. Mkalimani aliona haya kutafsiri. Mama yule akanyoosha mikunjo ya sketi, akajibu kwamba alipokuwa mtoto hakuwahi kuvaa hivi, kwao hawakuwa na uwezo. Akasema ofisini kuna sare, nyumbani kuna aproni, na hii ndiyo nguo peke yake aliyonayo ambayo haina kazi ya mtu mwingine ndani yake. Kisha akaniongeza chai.

Nilikuwa nimewapelekea doti ya kanga kama zawadi, yenye jina la "Mgeni njoo mwenyeji apone". Wakaitandaza kwenye benchi, wakaichunguza kama mafundi: pindo, mji, jinsi rangi ilivyokaa. Wakauliza maandishi yanasema nini. Na mimi nikapata nafasi ya kuwaambia jambo ambalo hawakulijua, kwamba zamani kanga nyingi walizovaa bibi zetu Zanzibar na Mombasa zilichapwa kwenye viwanda vya Japani, zikapakiwa melini mpaka kwetu. Kwamba kuna Wajapani waliokaa mezani kuchapa maneno ya Kiswahili wasiyoyaelewa, ili mwanamke wa Unguja amwambie jirani yake kitu bila kufungua mdomo. Mhasibu akaikunja kanga taratibu, akaniuliza kama yale maneno yalikuwa yanachapwa bila makosa. Nikamwambia si mara zote. Akasema anawaelewa.

Saa nane walianza kujifunga tena kwenye masanduku. Ndipo binamu akanigeukia, akasema sasa unaweza kupiga. Wakajipanga kwenye ngazi, waridi nyuma yao, miavuli imefunguliwa, nikapiga picha 31. Sitaziweka hapa leo. Nimewaandikia wote wanane kuwaonyesha maelezo ninayotaka kuweka chini ya kila picha, yametafsiriwa kwa Kijapani. Watano wamekubali. Mwalimu wa chekechea amekataa, kwa sababu ya wazazi wa shuleni kwake. Mhasibu anataka nibadilishe neno moja. Yule mama wa miaka 46 bado hajajibu, na ninamsubiri.